Kata kwa Mstari Mmoja, Usifute

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki lilikuwa fupi: "Ni mwalimu gani wa shule aliyeacha alama katika kazi unayoifanya leo, na utamshukuruje?" Wengi watajibu nusu ya kwanza kwa jina na sifa mbili tatu. Mimi naishika nusu ya pili, maana ndiyo inayowashinda watu. Nia ya kushukuru ipo tele. Kinachokosekana ni kujua unashukuru nini hasa, na asiyejua hilo huandika maneno matamu yasiyoshika kitu, au haandiki kabisa.

Alama ya mwalimu mara nyingi haimo katika mawaidha aliyotoa siku ya mahafali. Imo mkononi mwako, katika jambo unalolifanya kila siku bila kuwaza. Hebu tuingie maabara, siku ya kupima asidi kwa besi. Mwalimu anayeijua kazi yake hasemi "muwe makini" akaishia hapo. Anaonyesha kwamba bureti, yaani mrija mrefu wa kioo wenye alama za kipimo, husuuzwa kwanza kwa myeyusho uleule utakaoingia humo, kwa sababu maji yaliyobaki ndani yatauzimua. Bureti ikishajazwa, faneli huondolewa, kwani tone moja likidondoka kutoka kwenye faneli katikati ya kazi, kipimo kimeharibika na hutajua kilichokiharibu. Kigae cheupe hukaa chini ya chupa ili rangi ikianza kubadilika ionekane mapema. Jicho huwa sawa na uso wa myeyusho na kusoma sehemu ya chini ya mbonyeo, si kingo zake, maana ukichungulia kutoka juu unapata namba moja na ukiinama unapata nyingine. Huandikwa mililita 24.30, si 24.3, kwa kuwa ile sifuri inasema kwamba uliangalia. Kipimo cha kwanza ni cha kukisia tu, hakiingii katika wastani. Baada yake unarudia mpaka upate viwili visivyopishana kwa zaidi ya mililita 0.1.

Sasa mwanafunzi ana 24.30, kisha 24.35, na katikati yake kuna 25.10 iliyomtia aibu. Anachukua kifutio. Hapo ndipo mwalimu anapomshika mkono: "Kata kwa mstari mmoja, usifute. Andika pembeni kwa nini unaikataa." Namba iliyokosewa inabaki inasomeka chini ya ule mstari. Mwanafunzi anaona daftari lake limechafuka. Mwalimu anaona limekuwa ushahidi.

Miaka inapita. Mwanafunzi yule ni mhasibu, na akikosea katika leja hapaki wino mweupe wala hachani ukurasa. Anakata kwa mstari mmoja, anaandika tarakimu sahihi juu yake, anatia saini na tarehe. Mwingine ni muuguzi, na anafanya vilevile kwenye jalada la mgonjwa. Mwingine anapima viwanja na daftari lake la uwandani halina mfuto hata mmoja. Sababu ni ileile ya maabara: anayekagua akikuta mahali palipofutwa hawezi kujua kama palikuwa na kosa la kawaida au udanganyifu, ila akikuta palipokatwa anaona vyote viwili, lililokosewa na lililosahihishwa. Ukimuuliza muuguzi huyo nani alimfundisha kazi, atataja chuo. Chuo kilimpa kanuni. Mkono uliokuwa tayari kuipokea ulitoka shuleni.

Mwalimu wa hisabati naye ana lake. Jibu ni sahihi, 12, lakini alama imekatwa na pembeni pameandikwa kwa wino mwekundu neno moja: "kizio?" Mtoto ananuna. Kumi na mbili ni kumi na mbili! Lakini tazama neno hilo linakokwenda. Daktari ameagiza miligramu 375 za dawa ya maji, na chupa inasema miligramu 250 katika mililita 5. Unagawa 375 kwa 250, unazidisha kwa 5, unapata mililita 7.5. Ukiandika 7.5 peke yake, atakayekupokea zamu ana haki ya kuuliza 7.5 ya nini. Ukichanganya miligramu na maikrogramu, umekosea mara 1,000. Mwaka 1999 chombo cha anga cha Marekani, Mars Climate Orbiter, kilipotea kilipokuwa kinaingia katika mzingo wa Mirihi, kwa sababu upande mmoja ulitoa takwimu za msukumo kwa vizio vya pauni na upande mwingine ukazisoma kama nyutoni. Tofauti ni kama mara 4.45. Walioifanya kazi hiyo walikuwa wataalamu waliobobea, na lililowaponyoka ni lile swali la kwenye daftari la hisabati.

Watu husahau pia gharama ya neno lile jekundu. Darasa lina wanafunzi 40, na kila daftari likipewa dakika 5, hizo ni dakika 200, yaani saa 3 na dakika 20 kwa zoezi moja la darasa moja. Mwalimu aliyechoka angeweza kuweka vema juu ya 12 na kusonga mbele, wala hakuna mzazi ambaye angelalamika. Aliyeandika "kizio?" kila wiki, mwaka mzima, bila kuruka hata mara moja, ndiye aliyejenga tabia. Tabia haijengwi na somo moja zuri. Hujengwa na kosa lilelile kusahihishwa kwa namna ileile kila linapotokea, kabla halijapoa. Mwalimu akikata alama leo na kesho akasamehe, mtoto hujifunza kubahatisha.

Katika lugha mfano wangu ni imla, zoezi ambalo wengi hulidharau. Ikifanywa ipasavyo husomwa mara tatu. Mara ya kwanza kwa mwendo wa kawaida, kalamu ziko chini, darasa linasikiliza maana. Mara ya pili kwa vipande vya maneno matano au sita, watu wanaandika. Mara ya tatu kwa mwendo wa kawaida tena, kila mmoja anafuatisha kwa kidole na kusahihisha. Walimu wavivu huiacha ile ya tatu, na hiyo ndiyo yenye thamani kuliko zote. Ndiyo inayomfanya mtu, akipokea maagizo kwa simu miaka 20 baadaye, ayasome tena kwa sauti kwa aliyeyatoa kabla hajaweka simu chini. Marubani na waongoza ndege wanafanya hivyo kwa kanuni. Anayechukua maelezo ya mteja anafanya hivyo kwa sababu ya imla.

Kuna na jambo lisiloandikika kwenye daftari, nalo ni ukimya. Mtafiti Mary Budd Rowe alipima, katika miaka ya 1960 na 1970, muda ambao walimu walisubiri baada ya kuuliza swali. Kwa kawaida ulikuwa kama sekunde 1 tu, kisha mwalimu alirukia mwingine au alijibu mwenyewe. Waliponyoosha muda huo hadi sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka, waliokuwa kimya walianza kujibu, na wanafunzi wakaanza kuuliza maswali yao wenyewe. Sekunde tatu mbele ya darasa linalokutazama ni ndefu sana kwa mwalimu. Mtu mzima anayeweza leo kukaa kikaoni, akaulizwa jambo gumu na akatulia kabla ya kusema, pengine alikuwa na mwalimu aliyemvumilia.

Basi, kabla ya kushika kalamu ya kushukuru, kamata hiyo alama. Kwa siku tano za kazi, kila jioni andika mambo matatu uliyoyafanya bila kufikiri: namna ulivyopanga jedwali, ulivyoanza barua, ulivyohakiki hesabu kwa kuirudia kutoka chini kwenda juu. Mwisho wa wiki una mambo 15. Yapitie na kila moja uliulize: nani alinilazimisha kulifanya mara ya kwanza? Mengi yatakwenda kwa wazazi, kwa chuo, kwa bosi wa kwanza. Mawili au matatu yatakwenda kwenye chumba cha darasa, na hayo ndiyo unayoyatafuta.

Ukishayapata, yahakiki. Kumbukumbu ina tabia ya kuwaunganisha walimu wawili kuwa mmoja, hasa wakifundisha somo moja katika miaka inayofuatana, na aliyependwa zaidi hubeba sifa za mwenzake. Kama kuna daftari la zamani, lifungue uone mwandiko. Kama hakuna, mpigie mliyesoma naye, umuulize bila kumtilia jibu kinywani: "Nani alitufundisha muhtasari?" na si "Ni fulani, sivyo?" Kumshukuru mtu kwa kazi ya mwenzake ni kosa linaloumiza pande mbili, na aliyepokea kimakosa mara nyingi ataona haya kukusahihisha.

Kisha andika barua. Maneno 250 hadi 300 yanatosha, ukurasa mmoja. Anza na kujitambulisha kwa jina ulilotumia shuleni, kwani wengi wamebadilisha majina kwa ndoa au kwa sababu nyingine, kisha mwaka, darasa, na mahali ulipoketi. Piga hesabu kidogo: mwalimu wa madarasa 4 yenye wanafunzi 40 anakutana na watu 160 kwa mwaka. Kwa miaka 30 ni 4,800. Hata ukitoa nusu kwa waliorudi mwaka baada ya mwaka, wamebaki 2,400. Asipokukumbuka si dharau, na barua nzuri humwondolea mzigo huo mapema. Baada ya hapo taja jambo moja alilolifanya, ulielezee hadi alione, kisha sema linafanya nini leo. Funga.

Barua ya mpimaji wa viwanja, kwa mfano, inaweza kuwa na kiini kama hiki:

"Shikamoo Mwalimu. Huenda hunikumbuki, na sitarajii unikumbuke. Nilikaa safu ya nyuma, upande wa dirisha, mwaka ule ulipotufundisha jometri. Ulikuwa hukubali mchoro wowote usio na kipimo kilichoandikwa, na ulinirudishia mchoro mmoja mara nne kwa sababu ya pembe moja niliyoikisia. Mara ya nne nilipima. Leo kazi yangu ni kupima mipaka ya viwanja, na sijawahi kuikisia pembe. Wiki iliyopita kijana ninayemfundisha kazi aliniletea ramani nikamrudishia, akaniuliza nimejifunza wapi ukali huu. Nilimtajia jina lako. Sikuombi kitu wala huna haja ya kujibu. Nilitaka tu ujue kwamba pembe ile bado inapimwa."

Hakuna neno "bora" mle ndani, wala "mfano wa kuigwa". Sifa ya jumla haimwambii mwalimu ni lipi lililofaulu kati ya maelfu ya mambo aliyoyajaribu. Barua hii inamwambia.

Wa kumtazama hapa ni mwandishi Albert Camus. Baba yake aliuawa vitani mwaka 1914, yeye akiwa bado hajatimiza mwaka, na alikulia Algiers katika nyumba maskini. Mwalimu wake wa shule ya msingi, Louis Germain, alimfundisha masomo ya ziada bila malipo na kumshawishi bibi yake amwache aendelee na shule badala ya kumpeleka kazini. Mwaka 1924 mtoto aliingia sekondari kwa msaada wa masomo. Oktoba 1957 alitangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, na tarehe 19 Novemba, vishindo vilipopungua, alimwandikia mwalimu wake barua fupi ya kumwambia kwamba baada ya mama yake aliyemkumbuka kwanza ni yeye. Alitaja mkono ulionyooshwa kwa mtoto maskini, mafundisho na mfano. Tuzo yenyewe hakuikuza. Germain naye alimwandikia barua ndefu tarehe 30 Aprili 1959. Januari 1960 Camus alikufa katika ajali ya gari akiwa na miaka 46, na mwalimu wake alikuwa bado hai. Tunapoahirisha huwa tunahesabu umri wa mwalimu tu.

Kinachowazuia wengi ni aibu: nitaonekanaje, nimechelewa mno, sijui kuandika vizuri. Amit Kumar na Nicholas Epley walichapisha mwaka 2018 utafiti wa watu walioandika barua za shukrani, wakalinganisha matarajio ya waandishi na hisia za waliopokea. Waandishi walizidisha makadirio ya jinsi mpokeaji angeona haya, na wakapunguza makadirio ya jinsi angeshangaa na kufurahi. Walihangaika na ufundi wa maneno, wakati mpokeaji aliangalia upendo uliomo. Kwa hiyo barua yenye kosa la tahajia iende tu. Mwalimu wa lugha ataliona, atatabasamu.

Yanayoharibu barua ni mengine. Kubwa kuliko yote ni kuchanganya shukrani na ombi. Ukimshukuru mwalimu katika aya ya kwanza na katika ya tatu ukamwomba akuandikie barua ya utambulisho au amsaidie mwanao kupata nafasi, ameshajua aya ya kwanza ililetwa na nini. Ombi na liende siku nyingine, kwa barua nyingine, au lisiende. La pili ni barua kugeuka wasifu wa mwandishi, cheo baada ya cheo. Sentensi mbili kuhusu kazi yako zinatosha. La tatu ni kutia chumvi: "bila wewe nisingekuwa chochote." Mwalimu anajua ulikuwa na wazazi na walimu wengine kumi. Ukweli mdogo huaminika, uongo mkubwa hupokelewa kwa heshima na kuwekwa kando. Kuhusu kuchelewa, omba radhi kwa mstari mmoja uendelee.

Napinga kabisa kutangaza barua mitandaoni kabla ya kumpelekea mwenyewe. Mwalimu mstaafu ana haki ya kuamua kama anataka jina na picha yake vizunguke. Aipate kwanza yeye, faraghani, na ruhusa iombwe waziwazi.

Kwa mwalimu ambaye bado anafundisha, zawadi ya thamani ni mtego, hasa kama una mtoto au ndugu katika shule hiyo. Itamlazimu aikatae au aieleze. Badala yake andika barua na nakala yake umpelekee mkuu wa shule, yenye jambo mahsusi alilolifanya. Nakala hiyo hukaa kwenye faili lake na inaweza kusomwa siku ya kupandishwa daraja. Siku ya Walimu Duniani huadhimishwa tarehe 5 Oktoba tangu mwaka 1994, nayo ni siku njema, lakini barua inayofika siku ya kawaida, katikati ya muhula, wakati madaftari yamerundikana mezani, humkuta mtu akiihitaji zaidi.

Na wale waliokuwa wakali? Hapa wasomaji wengi wanajidanganya, kwa hiyo nitasema wazi. Kama mwalimu alikupiga au kukudhalilisha, huna deni la kuishukuru fimbo, na usijitungie kwamba ndiyo iliyokufikisha ulipo. Unaweza kumshukuru kwa namna alivyofundisha sehemu na desimali, ukaacha mengine yalipo. Unaweza pia kutomwandikia. Ukali wa kurudisha mchoro mara nne ni kitu kimoja, na ukali wa kumuumiza mtoto ni kingine kabisa, hata kama vyote viwili viliitwa nidhamu.

Anayesahaulika kuliko wote ni mwalimu wa darasa la kwanza. Aliyekuandikia ba be bi bo bu ubaoni, akakugeuza vidole mpaka penseli ikakaa kati ya kidole gumba na cha shahada ikiegemea cha kati, akatembea dawati hadi dawati kuangalia nani anaandika "b" ikigeuka "d". Hakuna anayemkumbuka kwa sababu kazi yake ilifaulu mno: kusoma kumekuwa kama kupumua. Mwalimu wa kidato cha mwisho hupata barua, huyu hazipati. Kama katika yale mambo 15 yako limo hata moja linalohusu kusoma, na hapana shaka limo, anza na yeye. Mara nyingi ndiye mwenye umri mkubwa zaidi.

Kumpata mwalimu wa zamani, anzia ofisi ya shule. Usiwaombe namba yake, waombe wampelekee bahasha yako iliyofungwa. Shule nyingi hazitoi namba ya mtu, na zinafanya vizuri, lakini bahasha ni rahisi kuikubali. Ikishindikana, tafuta mwalimu mwenzake wa wakati ule, kwa maana walimu wastaafu huwa wanajua walipo wenzao. Ndani weka anwani na namba yako, na useme waziwazi kwamba jibu si lazima.

Ukiweza kuipeleka mwenyewe, ipeleke. Martin Seligman na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005, waliwapa watu wiki moja waandike na wapeleke wenyewe barua ya shukrani kwa mtu ambaye hawakuwahi kumshukuru ipasavyo. Furaha ya waliopeleka ilipanda na ikadumu hata mwezi mmoja baadaye, ingawa ilipopimwa tena baada ya miezi mitatu ilikuwa imerudi ilikokuwa. Unapokwenda, usimwambie mapema una jambo zito, mwambie tu unakuja kumjulia hali. Msomee barua yote bila kukatiza. Macho ya wazee huchoka, kwa hiyo nakala utakayomwachia iwe na herufi kubwa, za ukubwa wa 16 au zaidi, kwenye karatasi nzito kidogo. Usiiache kwenye simu yake. Karatasi ataisoma tena peke yake ukishaondoka.

Kama ameshafariki, barua iandikwe vilevile na ipelekwe kwa mwenzi wake au watoto wake. Badilisha sentensi mbili tu, ya kwanza na ya mwisho. Katikati acha kama ilivyokuwa, na ieleze kazi yake hatua kwa hatua hata zaidi, kwa sababu watoto wa mwalimu walimwona akisahihisha usiku mezani lakini wengi wao hawakuwahi kukaa darasani mwake. Kama una daftari lenye mwandiko wake mwekundu pembeni, piga picha ukurasa huo, uuchapishe, uuweke ndani ya bahasha. Ule wenye neno "kizio?" unafaa sana.